UZI: Queen of Katwe sio muvi ya chesi wadau, ni muvi ya mama Harriet na wale watoto. Ngoja niseme kwa nini inanigusa hivi

Wakuu habari za jioni. Kwenye ule uzi wa muvi ambazo mtu hachoki kuziangalia nilitaja Queen of Katwe, basi inbox watu wakanijia, wengi na maneno yale yale, kwamba hiyo si ile ya binti wa Uganda wa chesi, maskini anashinda anajenga nyumba, imeisha. Nikaona kujibu mmoja mmoja haiwezekani, nifungue uzi wake niseme yote. Ni mrefu, mwenye haraka apite atarudi baadaye. Na nitataja mambo ya ndani mpaka mwisho wa muvi, kwa hiyo asiyetaka kuharibiwa utamu akaangalie kwanza.

Kwa ambao hawaijui kabisa, imetoka 2016, waliotoa hela ni Disney, dairekta ni Mira Nair, Mhindi ambaye ana makazi Kampala miaka na miaka, mume wake ni Profesa Mahmood Mamdani yule wa Makerere, na kule Kampala ameanzisha Maisha Film Lab inayofundisha vijana wetu wa Afrika Mashariki kutengeneza filamu. Stori ni ya kweli. Ni ya Phiona Mutesi, binti wa Katwe, ule mtaa wa mafundi chuma kusini ya katikati ya Kampala, bondeni, mvua ikinyesha watu wanaanza kuhamisha vyombo. Baba alishafariki, shule ada hakuna, anatembeza mahindi kwenye foleni za magari yeye na ndugu yake Brian, afu siku moja anamfuatilia Brian anakokwenda kumbe anaenda kwa kocha Robert Katende ambaye anawafundisha watoto chesi na kuwapa uji. Anachungulia kwenye mbao, kocha anamuona, na huko kwingine mnajua.

Sasa watu wengi wanaiangalia wakisubiri ashinde. Mimi hiyo sehemu ya kushinda naweza hata kuiruka. Kinachonishika ni kwamba kila anayempenda yule mtoto anatoa kitu chake, tena kitu kinachouma, na muvi inakaa pale pale mpaka unaona bei yake, haikimbilii kombe.

Nianze na mama maana ndio roho ya muvi yote. Harriet kachezwa na Lupita Nyong'o. Kuna sehemu Phiona anajifunza kusoma, ana kitabu cha chesi anataka asome usiku, na usiku nyumbani hakuna taa. Mama anachukua nguo yake ya thamani aliyoitunza siku zote anaenda kuiuza, anarudi na mafuta ya taa. Hakuna hotuba hapo, hamwambii mtoto "unaona ninavyojitolea", anawasha taa tu mtoto asome.

Mimi hapo ndipo ninapoishiwa nguvu na ngoja niwaambie kwa nini. Nimekulia Mwanza, Mabatini, kule bondeni jirani na mto Mirongo, anayepajua anapajua. Mvua ikipiga kule juu kwenye mawe maji yanashuka yote kwetu. Mama alikuwa anachoma vitumbua asubuhi, jioni anakaanga mapanki (kwa wasio wa Kanda ya Ziwa, ni yale mabaki ya sangara yanayotoka viwandani wakishatoa minofu, kichwa na mifupa na nyama kidogo iliyobaki, ukikaanga vizuri ni chakula kitamu tu). Na alikuwa na cherehani ya mkono, ya bibi, alirithi. Ilikuwa inakaa kwenye kona imefunikwa kitambaa cheupe alichokidarizi mwenyewe, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuweka hata kikombe juu yake. Nilipochaguliwa kwenda sekondari ya bweni ikaja ile karatasi ya mahitaji, tranka, godoro, shuka mbili, ndoo, jembe, kwanja, fagio la chelewa, sare, viatu vyeusi vya kamba. Mama aliisoma akaikunja akaiweka kifuani. Wiki iliyofuata tranka jipya lilikuwa sebuleni na ile kona ilikuwa tupu, kitambaa kimekunjwa kimewekwa ndani ya tranka langu. Sikuuliza na yeye hakusema. Miaka mingi baadaye naangalia muvi ya Disney namuona Lupita anauza nguo yake, nikajikuta nalia mpaka mume wangu akasimamisha akauliza kuna nini.

Kwa hiyo mkiniambia ni muvi ya chesi mimi nawaelewa ila sikubaliani kabisa.

-----

Naendelea, umeme ulikatika. Naona kuna watu washaanza kuchangia, asanteni, nitawajibu ila nimalize la urafiki kwanza maana uzi niliahidi urafiki na familia.

Rafiki wa Phiona kwenye muvi ni Gloria, kale katoto kadogo ndiko kanakomfundisha. Siku ya kwanza Phiona anaingia pale wenzake wanamcheka kwamba ananuka, anapigana, kocha anaona huyu mpambanaji, na siku inayofuata anarudi kajisafisha. Afu anayekabidhiwa kumfundisha ni mtoto mdogo kuliko yeye. Gloria anamuonyesha jinsi kete ndogo kuliko zote, yule askari wa mbele, akivuka ubao mzima mpaka mwisho anageuka malkia, na anamwambia ndiyo maana anaipenda chesi, mdogo anaweza kuwa mkubwa. Watu wote wanalikumbuka lile neno kama neno la Phiona, mimi namkumbuka aliyelisema. Maana Phiona baadaye anampita Gloria mbali, na Gloria hana kinyongo, yupo pale pale anamshangilia. Kumfundisha mtu akupite afu uendelee kumpenda, hilo si jambo dogo kwa mtu mzima sembuse mtoto.

Mimi nilikuwa na wa kwangu. Binti wa jirani, mdogo kwangu madarasa mawili, ila alikuwa anasoma kama mtangazaji wa redio. Mi kusoma kulikuwa kunanipiga chenga, darasani tulikuwa wengi mno mwalimu hafiki nyuma. Basi mama akirudi na magazeti ya kufungia vitumbua yule binti alikuwa anachagua kipande anakipangusa mafuta anakiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, anaweka kidole kwenye neno, ananiambia soma. Nikikosea harudii yeye, anasubiri. Tulikuwa tunasoma matangazo ya vifo, bei za pamba, ratiba za mechi, chochote kilichokuja, na mara nyingine stori inakatika katikati kwa sababu nusu ya gazeti ishaondoka na vitumbua vya mteja. Sekondari ya bweni nilienda mimi, yeye hakupata nafasi, na siku naondoka ndiye alibeba ndoo mpaka stendi. Leo ana duka lake Igoma na mpaka kesho ndiye mtu wa kwanza kumpigia nikiwa na jambo. Nilimtumia hii muvi kwenye flashi, akaniambia "nimemuona Gloria", hakuongeza kitu na hakukuwa na haja.

Yule binti aliyecheza kama Gloria anaitwa Nikita Waligwa. Alifariki Februari 2020 akiwa na miaka 15, uvimbe kwenye ubongo. Mungu amrehemu. Tangu nijue hilo kila akitokea kwenye skrini na lile tabasamu lake naiangalia muvi tofauti.

Na urafiki wa wale watoto wote kwa ujumla umechorwa vizuri sana. Kuna pale wanapelekwa kwenye mashindano King's College Budo, shule ya wakubwa, wanalala bwenini vitanda vizuri kila mtu cha kwake, kocha anakuja kuwaangalia anawakuta wote wamelala chini wamebanana. Mtu aliyezoea kulala peke yake anaweza kuona ni ushamba, mi niliyelala na wadogo zangu kitanda kimoja vichwa huku na miguu huku niliwaelewa sekunde ile ile. Usiku wa kwanza bwenini kilichonikosesha usingizi ni kukosa mtu pembeni.

-----

Nawajibu sasa.

Mdau wa kwanza kauliza kwamba Harriet anaonekana mkali na mbinafsi, anawazuia watoto, kwa nini namsifia. Mkuu, mimi hii muvi niliangalia na mama yangu mwenyewe, alikuja kunitembelea Dar. Kiingereza hajui kwa hiyo nilikuwa namtafsiria sentensi kwa sentensi, mama yangu ni mtu wa vibanda vya video enzi za Lufufu, yule aliyekuwa anatafsiri muvi kwa Kiswahili, kwa hiyo amezoea muvi yenye sauti ya mtu juu yake, hakusumbuka. Tulipofika pale kocha anakuja nyumbani kuomba watoto na Harriet anadhani chesi ni kamari, na hamuamini kabisa huyu mwanaume anawataka wanawe wa nini, mimi nikasema huyu mama mgumu. Mama akasema, "Huyo hana roho mbaya mwanangu, anaogopa. Akiruhusu mtoto aone pazuri afu parudi kuwa pabaya, atamfariji na nini?"

Na ndicho kinachotokea. Phiona anaenda Sudan kwenye mashindano, anapanda ndege, analala hoteli, anakula anachotaka, wanashinda, wanarudi wakishangiliwa. Afu anarudi Katwe na Katwe haimtoshi tena. Kazi za nyumbani hataki, anakaa kama mgeni kwa mama yake. Harriet ndiye anaumia kuliko wote maana aliliona hili kabla. Muvi ngapi za namna hii zinakuonyesha kwamba mafanikio ya mtoto yanaweza kumtenga na kwao? Mimi likizo ya kwanza kutoka bweni nilikaa nyumbani sijui nikae wapi, nimezoea kengele, nimezoea foleni ya chakula, mama ananiangalia tu. Tulipofika kwenye hiyo sehemu tukiangalia alinishika goti, akasema "si unaona".

Mwingine kasema Katende ndiye shujaa halisi. Kwangu yeye ni familia pia. Jamaa alisomea uinjinia, yuko pale kwenye huduma ya kikristo akisubiri kazi ya maana, anaanza kufundisha mpira, anaona kuna watoto hawachezi kwa sababu wakiumia nyumbani hawana hela ya daktari, ndipo anawaletea chesi. Hiyo sababu peke yake inakuambia mengi. Baadaye kazi ya uinjinia inakuja kweli na anaikataa, na ana mke na mtoto. Nampenda sana yule mke wake Sara, kachezwa na Esteri Tebandeke, maana uamuzi ule ulikuwa unakula sahani yake pia na alikubali. David Oyelowo kama Katende hakuzidisha, hakucheza malaika, kacheza mtu anayechoka.

Kuna ndugu kaandika kwa hasira kidogo kwamba hizi ni zile zile za wazungu kuja kuuza umaskini wetu. Naelewa hiyo hasira maana zipo nyingi na zinachosha. Ila hii iangalie upya ndugu yangu. Hakuna mzungu anayekuja kuwaokoa humu. Anayefundisha ni Mganda, anayejifunza ni Mganda, wanaobagua ni Waganda wenye hela, mwenye nyumba anayewatoa nje ni Mganda. Imepigwa Katwe kwenyewe na sehemu nyingine Johannesburg, watoto wengi ni wa Kampala, na Madina Nalwanga aliyecheza Phiona alikuwa hajawahi kuigiza, alipatikana kwenye darasa la dansi, na yeye mwenyewe aliwahi kuuza mahindi mtaani. Ndio maana akibeba lile beseni kichwani shingo inakaa inavyotakiwa kukaa. Mwigizaji wa kufundishwa ungemuona tu. Na rangi! Vitenge, gomesi, mabati yaliyopakwa rangi, muziki, watu wanacheka. Mtaa maskini watu wanacheka, wanachumbiana, wanagombana kwa sababu ya ndoo za maji, dairekta anayeishi pale anajua hilo, anayekuja na kuondoka hajui.

Kilichoniuma ni kwamba haikurudisha hata hela zake, bajeti ilikuwa kama dola milioni 15 na dunia nzima ikaingiza kama milioni 10 tu. Watu wa nje hawakwenda kuiona kwa wingi. Sisi nayo tuliipata kwenye flashi, sisemi ni vizuri, nasema ndivyo ilivyofika Mwanza.

-----

Sasa hili la Night nimeulizwa na watu watatu kwa hiyo nalijibu kwa urefu, na ndilo nililokuwa nalikwepa.

Night ni dada mkubwa wa Phiona. Mrembo, amechoka na ile njaa, anaondoka na jamaa mwenye pikipiki. Mama anavunjika moyo na anakuwa mkali. Baadaye Night anarudi nyumbani ana mimba na jamaa hayupo. Kwenye muvi nyingi za kwetu, Bongo Movie zote tulizokua nazo, msichana wa namna hiyo kazi yake ni kuwa fundisho, atapata ugonjwa au atakufa ili wengine waogope. Hapa hapana. Anarudi, anapokelewa, anakaa na wenzake, maisha yanaendelea.

Dada yangu mkubwa aliondoka hivyo hivyo. Haikuwa pikipiki, ilikuwa ni dereva wa fuso la samaki, ila habari ni moja. Nilikuwa bado shule ya msingi. Na jambo ambalo nimelijua nikiwa mkubwa ni kwamba miezi ya mwanzo alikuwa anamtumia mama hela kupitia kwa konda, mama hazipokei, anazirudisha na konda yule yule. Siku mvua ilipoangusha ukuta wetu wa nyuma tukalala kwa kina yule binti wa jirani, familia nzima sakafuni kwenye mikeka, dada ndiye aliyefika wa kwanza alfajiri na mabati. Mama hakumsemesha. Aliyashika mabati upande wa pili wakayabeba wote wawili.

Anayekaa kwenye mioyo ya watu wanapoongelea familia yetu ni mimi, mimi niliyesoma. Ukiuliza Mabatini watakuambia yule mama alisomesha. Dada hatajwi. Na kwenye hii muvi Phiona ndiye yupo kwenye bango, ila Mira Nair hakumsahau Night, alimpa sura yake na macho yake na haki ya kurudi nyumbani. Kwangu hilo ni kubwa kuliko medali. Phiona halisi alipata Woman Candidate Master, lile taji la kimataifa la wanawake kwenye chesi, mwaka 2012, baadaye akaenda kusoma chuo Marekani pamoja na Benjamin, mwenzake wa tangu kwenye kile kibanda cha chesi, nafurahi sana kwa ajili yao. Ila siku nikikutana na yule dairekta nitamshukuru kwa Night.

Na msizime muvi majina yakianza kupita mwisho. Pale wanatoka waigizaji mmoja mmoja na mtu halisi aliyemcheza anakuja kusimama pembeni yake. Lupita na Harriet mwenyewe. Oyelowo na Katende mwenyewe. Unaona kwamba hawa ni watu, wapo, wana magauni yao na viatu vyao na aibu zao za kusimama mbele ya kamera. Mama yangu hapo alisimama kabisa kwenye kochi akasogea kwenye TV kumuangalia Harriet wa kweli usoni.

La mwisho kwa aliyeuliza kama inafaa kwa watoto. Inafaa, lugha safi, hakuna mambo ya kuficha macho. Kuna ajali ya Brian na kuna mafuriko, hapo kaa nao karibu. Ni ndefu kidogo, kama masaa mawili, kwa hiyo iwekeni mchana. Wa kwangu aliikaa yote, na siku hiyo mama mkubwa wake alikuwepo. Mtoto akauliza kwa nini Night hakumpigia mama yake simu arudi mapema. Kabla sijafungua mdomo dada akamjibu mwenyewe, "Hela ya simu ilikuwepo mwanangu, ila mama yake alikuwa bado na hasira. Hasira zikaja zikaisha." Mama yangu alikuwa jikoni anasikia, akaita, "Njooni mle."